Wasomaji wanauliza: Kura zikilingana, nani anaingia bungeni?

Barua za mwezi huu karibu zote zimegusa jambo moja: matokeo ya uchaguzi pale wagombea wanapopishana kwa kura za kuhesabu kwenye vidole. Nyingi zimetoka Tanga mjini na vitongoji vyake, mbili Bagamoyo, moja Muheza, moja Pangani. Tumezifupisha bila kubadili hoja.

*Hapa barazani kwetu Ngamiani, barabara za namba, kumezuka ubishi. Mwenzetu mmoja anasema Marekani kuna mbunge aliyepatikana kwa jina lake kutolewa kwenye bakuli, kama akina mama wanavyopanga zamu za upatu. Sisi tumemwambia anatupiga kamba. Tumewekeana kahawa na kashata. Nani alipe?*

Lipeni nyinyi. Mwenzenu yuko sahihi, ila ameruka kipande kikubwa. Bakuli lilikuja mwisho kabisa, baada ya kura kuhesabiwa, kuhesabiwa upya, na karatasi moja kupelekwa mbele ya majaji watatu.

Ilikuwa Virginia. Tarehe 7 Novemba 2017 wapigakura wa jimbo hilo walichagua wajumbe 100 wa baraza la chini la bunge lao. Katika eneo la uchaguzi namba 94, kwenye mji wa bandari wa Newport News, David Yancey wa Republican alikuwa anatetea kiti chake dhidi ya Shelly Simonds wa Democratic. Hesabu ya kwanza ilimweka Yancey mbele kwa kura 10. Sheria ya Virginia inamruhusu aliyeshindwa aombe kura zihesabiwe upya ikiwa tofauti haizidi asilimia 1, na ikiwa haizidi nusu ya asilimia, gharama inabebwa na umma. Kura 10 ndani ya kura 23,000 na ushei ni kama nne katika kila elfu kumi, kwa hiyo Simonds hakutoa hata senti.

Tarehe 19 Desemba zikahesabiwa upya. Simonds 11,608, Yancey 11,607. Usiku ule Simonds alilala akiwa mshindi, na habari zikaenea kwamba baraza sasa limegawanyika 50 kwa 50.

Kesho yake ikaibuka ile karatasi. Wenzetu hawa hawaweki alama ya vema kama sisi. Pembeni ya kila jina kuna kiduara chenye umbo la yai, mpigakura anakijaza wino, mashine inasoma. Mpigakura huyu alijaza viduara viwili, cha Simonds na cha Yancey, halafu akapitisha mstari wa mshazari juu ya kile cha Simonds. Kwenye nafasi ya gavana alijaza kiduara cha mgombea wa Republican, na juu yake akachora alama ya kukata. Nafasi nyingine alizopiga zote zilikwenda Republican. Waliohesabu upya waliiweka kando wakisema imechagua wawili. Upande wa Yancey ukaandikia mahakama kwamba ule mstari ni wa kufuta: mtu alikosea, akarekebisha. Majaji watatu wakakubali. Yancey naye akawa na 11,608.

Sheria ya Virginia inasema kura zikilingana, mshindi apatikane kwa kura ya bahati. Hairudishi watu vituoni. Simonds akarudi mahakamani kupinga ile karatasi, akakataliwa. Tarehe 4 Januari 2018, mjini Richmond, majina mawili yalichapwa kwenye vipande vya karatasi, kila kimoja kikatiwa ndani ya kikopo cha filamu ya kamera, vile vikopo vyeusi ambavyo bibi zetu walivifanya vya kuwekea sindano na vifungo. Vikopo vyote viwili vikatumbukizwa kwenye bakuli la udongo lililofinyangwa na msanii Steven Glass na kuazimwa kutoka jumba la makumbusho ya sanaa. Mwenyekiti wa bodi ya uchaguzi ya jimbo, James Alcorn, akakoroga kwa mkono, akatoa kimoja, akakifungua. Yancey.

Kwa kikopo kile Republican walibaki na wajumbe 51 dhidi ya 49, na kiti cha spika kikawa chao. Kabla ya uchaguzi walikuwa 66 kwa 34. Miaka miwili baadaye, 2019, wawili hao walikutana tena na Simonds akashinda, safari hii bila bakuli.

Mkimaliza kahawa, zungumzeni na hili: kilichoamua kiti ni ule mstari wa mshazari wa mtu mmoja asiyejulikana mpaka leo. Bila mstari ule hata bakuli lisingetafutwa.

*Mnaposema "bunge la jimbo" mnatuchanganya. Mimi niko jimbo la Bagamoyo na jirani zetu wako jimbo la Chalinze. Je, hilo bunge la jimbo ni kama halmashauri yetu ya wilaya? (Dunda, Bagamoyo)*

Lawama tunaipokea. Kiswahili chetu kimelibebesha neno "jimbo" mizigo miwili. Kwetu ni eneo linalotoa mbunge mmoja: Bagamoyo, Chalinze, Pangani, Tanga Mjini. Tukizungumzia Marekani ni dola ndogo ndani ya nchi, yenye katiba yake, gavana wake, mahakama zake na bunge lake. Katika safu hii, "jimbo" la Marekani ni hilo la pili, na kipande kinachotoa mjumbe mmoja tunakiita eneo la uchaguzi.

Halmashauri siyo mfano wake. Halmashauri inatunga sheria ndogo, na inaishi kwa sheria iliyotungwa na Bunge. Ukitaka mfano wa karibu vuka bahari: Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, linalotunga sheria kwa mambo yasiyo ya Muungano. Bunge la jimbo la Marekani linaamua kodi za jimbo, shule, adhabu za makosa mengi ya jinai, na sheria za uchaguzi wenyewe. Katika majimbo mengi ndilo pia linalochora mipaka ya maeneo ya uchaguzi kila baada ya sensa ya miaka kumi, hata ya wabunge wanaokwenda Washington. Ndiyo maana vyama vinagombea kiti kimoja cha mji mdogo kana kwamba ni Ikulu.

Majimbo 49 yana mabaraza mawili. Nebraska peke yake ina moja, lenye wajumbe 49, na kwenye karatasi ya kura hawaandikwi chama.

*Wanalipwa vizuri kama wabunge wetu? (Dunda, huyo huyo)*

Inategemea jimbo. New Hampshire ina wajumbe 400 kwenye baraza lake la chini, na katiba yao inawapa dola 200 kwa muhula wa miaka miwili. Haitoshi hata kununua vespa mbovu.

*Jina likishatoka kwenye bakuli, mambo yamekwisha? Au kuna rufaa? (Makorora, Tanga)*

Katika majimbo mengi bado kuna mlango mmoja, na ni mlango ambao Mtanzania hautegemei: baraza lenyewe ndilo mwamuzi wa mwisho wa nani ni mjumbe wake halali. Hapo siasa inaingia na viatu.

Mfano ni Mississippi, 2015. Eneo namba 79, Blaine Eaton wa Democratic na Mark Tullos wa Republican walitoka sare, 4,589 kwa 4,589. Tarehe 20 Novemba wakavuta mirija mbele ya gavana, kila mmoja wake. Eaton, aliyekuwa kwenye kiti hicho kwa miaka mingi, akapata mrefu. Wengi wakadhani kesi imefungwa.

Tullos akapeleka malalamiko barazani. Hoja yake ilikuwa kura tano za watu waliohama makazi ndani ya wilaya bila kubadilisha taarifa zao kwenye daftari ndani ya siku 30 kabla ya uchaguzi. Januari 2016 baraza, ambalo Republican walikuwa wengi, likaamua kura hizo tano zitolewe, likamwondoa Eaton na kumketisha Tullos. Watu wa Tanga mna msemo wenu, waja leo waondoka leo. Eaton naye aliapishwa na kuondoka mwezi huo huo. Kiti hicho kiliwafikisha Republican 74 kati ya 122, na hesabu hiyo siyo ya bure: ni tatu ya tano, kiwango kinachotakiwa huko kupitisha mabadiliko ya kodi.

Sisi tunaona utaratibu wa kuwapa wajumbe kazi ya kuamua kiti cha mwenzao ni mbaya, hata kama hoja ya kura tano ilikuwa na mashiko kisheria. Mamlaka yale yale yanaweza kutumika siku hoja ikiwa dhaifu. Kwetu ubunge unapingwa Mahakama Kuu, na udiwani kwenye mahakama ya chini yake. Mahakama nazo zina ucheleweshaji na gharama zake, tutafika hapo.

*Kura iliyoharibika na kura iliyokataliwa ni kitu kimoja? Redioni wanachanganya. (Pongwe)*

Si kitu kimoja, na tofauti hii inawaponza mawakala wengi kwenye hesabu.

Karatasi iliyoharibika ni ile mpigakura aliyokosea kabla hajaitumbukiza, akairudisha kwa msimamizi wa kituo, akapewa nyingine. Haiingii kwenye sanduku. Inawekwa kwenye bahasha yake, na inahesabiwa upande wa karatasi zilizotumika bila kuwa kura. Yule mpigakura wa Virginia angeomba karatasi mpya, historia ingekuwa nyingine.

Kura iliyokataliwa imo ndani ya sanduku lakini haihesabiwi kwa mgombea yeyote. Sababu zake ni chache: haina alama rasmi ya kituo, imechagua zaidi ya mgombea mmoja, imeandikwa kitu kinachoweza kumtambulisha aliyeipiga, kama jina au sahihi, haina alama yoyote, au alama yake haieleweki inamlenga nani. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye ubishi. Vema iliyovuka mstari na kugusa kisanduku cha jirani, doa la wino wa kidole, dole gumba lililobandikwa kwa mazoea ya kwenye fomu za mikopo. Wakala asipoteze nguvu kupigania kila doa. Aangalie kama alama za namna moja zinaamuliwa namna moja: ikiwa vema iliyovuka mstari imekubaliwa kwa mgombea wa kwanza, ikataliwe kwa sababu gani kwa wa tatu?

*Nimeombwa na chama changu niwe wakala wa kituo uchaguzi unaokuja. Sijawahi. Nifanye nini hasa wakati wa kuhesabu, maana nimesikia ndipo mambo yanapoharibikia? (Muheza)*

Umesikia sawa. Mchana mawakala wanakaa wanasinzia. Kuhesabu kunaanza baada ya kituo kufungwa saa 10:00 jioni na watu waliokuwa kwenye foleni kumaliza, na kunakwenda mpaka usiku, watu wamechoka, taa hafifu. Kosa la hesabu huzaliwa saa hizo.

Kabla ya siku yenyewe, hakikisha umekula kiapo cha kutunza siri na una barua yako ya utambulisho. Wakala asiye na hivyo viwili anaishia nje ya kamba, hata kama kila mtu kijijini anamjua. Beba kalamu mbili, daftari lenye mistari, tochi, maji, na chakula cha usiku, kwa sababu anayetoka kutafuta chapati ndiye atakayeambiwa "tulihesabu ulipokuwa nje".

Asubuhi, kituo kikifunguliwa, andika mambo matatu: karatasi za kura za ubunge zilizopokelewa, namba ya kwanza na ya mwisho kwenye vishina, na namba za lakiri zilizofunga sanduku baada ya kuonyeshwa tupu. Dakika tano tu. Usipofanya hivyo hutakuwa na kitu cha kulinganisha usiku.

Jioni, kabla ya sanduku kufunguliwa, fanya hesabu ya karatasi. Tuseme kituo kilipokea karatasi 400. Zilizobaki hazijatumika 112. Zilizoharibika na kubadilishwa 3. Basi ndani ya sanduku la ubunge ziwemo 285. Iandike namba hiyo juu ya ukurasa na uizungushie duara. Kila kitu kitakachofuata kinapimwa na hiyo.

Karatasi zinakunjuliwa moja moja, zinaonyeshwa, jina linatajwa. Kaa mahali unapoona uso wa karatasi. Kusikia jina peke yake hakutoshi. Wewe piga vijiti daftarini, vinne wima na cha tano kikate mshazari, kila mgombea na mstari wake, na mstari wa zilizokataliwa. Usimwandikie mgombea wako peke yake. Wakala anayehesabu kura za mgombea wake tu hana njia ya kujua kama jumla imefunga.

Tuseme imetoka: wa kwanza 167, wa pili 98, wa tatu 9, zilizokataliwa 11. Jumlisha: 285. Imefunga. Sasa subiri fomu ijazwe, usiondoke. Karani amechoka, anaandika 176 badala ya 167. Jumla inakuwa 294. Hapa kuna ujanja wa wahasibu ambao kila wakala anapaswa kuujua: tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, kwanza tafuta tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. 294 kutoa 285 ni 9. Rudi kwenye vijiti, utaona 167. Tofauti ikiwa 10 au 100 kamili, mara nyingi mtu alisahau kubeba moja alipojumlisha. Tofauti ikiwa 1 au 2, angalieni kwanza kama karatasi ya ubunge haikutumbukizwa sanduku la udiwani, maana mpigakura akishika karatasi tatu mkononi kukosea sanduku ni rahisi, ingawa mifuniko ina rangi tofauti.

Ukitaka kura zirudiwe kuhesabiwa, liseme hapo hapo, kabla fomu haijasainiwa na karatasi hazijafungwa kwenye bahasha. Likisemwa kesho yake stendi ya Muheza halina kazi. Ukiwa na dukuduku jaza fomu ya malalamiko kwa maneno mafupi yenye namba: "Karatasi za sandukuni 285, jumla ya fomu 294, msimamizi amekataa kurudia." Usiandike "tumeibiwa". Jaji hawezi kufanya lolote na neno hilo.

Kisha fomu ya matokeo ya ubunge, ile mawakala wa zamani wanaijua kwa jina la 21B. Soma tarakimu na maneno. Zikipingana, yarekebishwe mbele yenu wote. Saini ukiwa umeridhika. Kukataa kusaini hakuifuti fomu, kwa hiyo wakala anayegoma na kuondoka amejinyima mwenyewe; kama hujaridhika, andika sababu. Dai nakala yako. Nakala nyingine hubandikwa kituoni.

Na kazi haijaisha. Matokeo ya kituo yanapelekwa kwenye majumuisho ya jimbo, ambako msimamizi wa uchaguzi anajumlisha vituo vyote na kumtangaza mbunge. Pale fomu yako inakuwa moja kati ya mamia. Nakala yako imfikie wakala wa majumuisho usiku ule ule, na asiposikia namba zile zile zikisomwa kwa kituo chenu, anyooshe mkono wakati huo. Chama kinachokusanya nakala zote kinaweza kufanya majumuisho yake kabla ya tangazo. Kilichokosa nakala za vituo thelathini kitabaki na manung'uniko.

*Karatasi za kura zikipotea baada ya kupigwa, uchaguzi unarudiwa? (Mlingotini, Bagamoyo)*

Swali ni kama zilizopotea zingeweza kubadilisha mshindi. Kesi nzuri ya kulielewa hili ilitokea Minnesota, Marekani, baada ya uchaguzi wa Novemba 2024.

Eneo 54A, mgombea wa Democratic Brad Tabke alimshinda Aaron Paul wa Republican kwa kura 14. Kisha ikagundulika kura 20 za mji wa Shakopee, zilizopigwa kabla ya siku ya uchaguzi, zilipokelewa lakini hazikuhesabiwa na hazionekani. Yaelekea zilitupwa na takataka zikiwa ndani ya bahasha zake za siri. Ishirini ni zaidi ya kumi na nne, kwa hiyo Paul akaenda mahakamani.

Fanya hesabu yake. Ili Paul angalau alingane, kati ya zile 20 alihitaji 17 na Tabke 3 tu. Wapigakura wenyewe walijulikana kwa majina kwenye daftari, ila si walivyopiga. Sita kati yao walitoa ushahidi kwa hiari kwamba walimchagua Tabke. Jaji akawaamini. Hata zile 14 zilizobaki zote zikimwendea Paul, Tabke angebaki mbele kwa 6. Januari 2025 uchaguzi ukaachwa ulivyo. Uzembe ulikuwepo, ulikubaliwa, lakini haukubadili mshindi.

Na kiti kile kilikuwa na uzito. Baraza la chini la Minnesota lilitoka 67 kwa 67. Mshindi mwingine wa Democratic alishaondolewa na mahakama kwa sababu hakuishi katika eneo alilogombea, wakabaki 66. Democratic wakasusia vikao wiki tatu hivi ili akidi isitimie, mpaka Mahakama ya Juu ya jimbo ilipoamua akidi ni wajumbe 68 na pande mbili zikapatana.

Kwetu kanuni ni ile ile. Mlalamikaji hashindi kwa kuonyesha sheria ilikiukwa. Lazima aonyeshe ukiukwaji uliathiri matokeo. Aliyeshindwa kwa kura 6,000 akaleta ushahidi wa vituo viwili vyenye kasoro, vyenye wapigakura 800 kwa pamoja, amepoteza nauli. Ndiyo maana zile nakala za fomu tulizomwambia msomaji wa Muheza ni dhahabu: ndizo zinazogeuza malalamiko kuwa hesabu.

Muda ni siku 30 tangu kutangazwa. Chini ya Sheria ya Taifa ya Uchaguzi, Sura ya 343, iliyotumika mpaka uchaguzi wa 2020, mlalamikaji alitakiwa ndani ya siku 14 baada ya kufungua kesi aombe mahakama ipange dhamana ya gharama, isiyozidi shilingi milioni 5 kwa kila mlalamikiwa. Ukimshtaki mbunge, msimamizi wa uchaguzi na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, hiyo ni mpaka milioni 15 kabla shahidi wa kwanza hajapanda kizimbani. Mahakama inaweza kupunguza kwa mwenye hali duni akiomba. Kesi nyingi zimefia kwenye hatua hii ya dhamana, siyo kwenye ushahidi. Sheria hiyo sasa imepisha Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani Na. 1 ya 2024, namba za vifungu zimebadilika, kwa hiyo wakili afanye kazi na kitabu kipya. Matokeo ya urais hayapingwi mahakamani. Hilo liko kwenye Katiba, ibara ya 41(7).

*Kwetu mgombea akibaki peke yake anapita bila kupingwa, sivyo? (Chumbageni)*

Ilikuwa hivyo. Sheria ya 2024 imeondoa kupita bila kupingwa: mgombea pekee anapigiwa kura ya ndiyo au hapana.

*Mgombea ubunge niliyempigia kura kashindwa jimboni. Mume wangu anasema kura yangu imekwenda na maji ya Mto Pangani. Ni kweli? (Pangani)*

Kwa kiti cha jimbo, ndiyo, imekwenda. Mwenye kura nyingi anachukua chote. Lakini karatasi ile ile ina kazi ya pili ambayo mume wako ameisahau. Viti maalumu vya wanawake bungeni, ambavyo kwa Katiba havipungui asilimia 30 ya wabunge wote wa aina nyingine, vinagawanywa kwa vyama kufuata uwiano wa kura za ubunge zilizopatikana nchi nzima. Kura yako ya Pangani inajumlishwa na za Lushoto, Mkinga, Kilindi na kwingineko kote.

Kuna kizingiti: chama kiwe kimepata angalau asilimia 5 ya kura zote halali za ubunge. Neno "halali" lishike. Zilizokataliwa haziingii juu wala chini ya mgawo. Chama chenye asilimia 5 kinaingia kwenye hesabu hata kama hakikushinda jimbo hata moja, chenye 4.9 hakipati kiti hata kimoja, na hapo ndipo mume wako atakuwa amesema kweli.